Nilivyomwangusha Mume Wangu Kwenye Nyanya

Harlow Bend, Nebraska
Jumatatu, mwisho wa Agosti

Kwako dada yangu mpenzi Dorinda,

Nakusalimu kwa furaha ya bi harusi ambaye bado hajazoea kuona pete kidoleni mwake. U hali gani, dada? Mgongo umekuachia, au bado unainama kwa taabu ukiwavua watoto viatu? Mahindi yenu yamefikia wapi? Ya huku yamerefuka mpaka barabara zimekuwa kama vichochoro, na kila wingu jeusi likipita naomba lisiwe na mvua ya mawe. Sisi wawili ni wazima kabisa. Nimeandika "sisi wawili" nikasimama kidogo kuyatazama maneno hayo, Dori, maana bado yananifurahisha kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Ni kwa sababu ukiwa unapika simu yako unaiweka spika, na Shemeji Lyle husikia kila kitu hata akiwa ghalani. Nakuomba barua hii usiisome mezani. Jifungie chumba cha kufulia, washa mashine ipige kelele, ndipo uisome.

Nianze na lile ulilolisikia. Ndiyo, ni kweli. Nilimwangusha mume wangu chini, mchana kweupe, juu ya matuta yetu ya nyanya, na Bibi Hedlund wa jirani alituona. Lakini haikuwa kama alivyoieleza kanisani. Sikumpiga. Mtu huyu nampenda kiasi kwamba asubuhi nikimwona anakaanga mayai huku anaimba wimbo kwa maneno ya kujitungia, natamani saa ya ukutani iharibike tubaki hapo hapo. Ananiita Bibi Kubik hata akiniomba chumvi. Sasa wewe niambie, nitampigaje?

Nilipoolewa Juni nilidhani tutakuwa wawili ndani ya nyumba. Kumbe mji mzima umehamia nasi. Hatuwezi kwenda kununua maziwa tukarudi kabla hayajapata joto. Mzee wa kaunta ya nyama haulizi habari za nyumbani, anauliza, "Bega hajambo?" kama vile bega ni mtu wa ukoo. Kinyozi alikataa kumpunguza nywele pembeni, eti mwaka ule tulipowafunga wapinzani wetu Redcliff zilikuwa ndefu hivi hivi, na yeye hataki lawama. Mama mmoja ambaye hata jina simjui alituletea sufuria ya maharage ya nyama na pilipili pamoja na mikate ya mdalasini. Mlangoni akanishika mkono, akaniambia nimlishe kijana wao vizuri, mwaka huu hawataki visingizio. Kijana wao! Mchungaji naye anamwombea kwa jina kabla ya kufika kwa wagonjwa.

Haya yote yalianza baridi iliyopita, Dalton wangu alipotangaza kwamba haendi kujaribu timu za kulipwa, anarudi kuichezea Korongo, timu yetu, kwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Siku ya pili yake kila dirisha la duka lilikuwa na karatasi ya bluu: AMERUDI KWA AJILI YETU. Na shemeji, Mungu ambariki, akapaka namba ya jezi yake, tisa, juu ya paa la ghala lenu, kubwa mpaka marubani wanaonyunyizia mashamba dawa wanaweza kuisoma. Dalton alipoiona alisema ni nzuri sana. Halafu akashusha kofia hadi kwenye nyusi, ikabaki hapo njia nzima ya kurudi. Nilidhani ameguswa na upendo wetu. Nilimshika mkono, nikijiona mke wa mtu mkubwa.

Unakumbuka Oktoba iliyopita, maana ulikuwa umekaa nami. Alikuwa bado ameushika mpira, anatafuta wa kumrushia, lile jitu la Redcliff likamjia kutoka kushoto na mfupa wa mtulinga, hapo begani, ukavunjika. Madaktari wanasema mfupa umeunga vizuri kuliko ulivyokuwa. Na mwezi wa Aprili, walipocheza wao kwa wao mbele ya watu, si ulimwona? Pasi zilikuwa zinatoka mkononi mwake kama ndege waliofunguliwa mlango. Uwanja mzima ulisimama. Mimi nililia hadi wanja ukafika kidevuni.

Lakini siku ile, Dori, alikuwa amevaa jezi nyekundu. Wote bluu na nyeupe, yeye peke yake nyekundu. Tumeizoea mno jezi hiyo, ndiyo maana hatukuwaza. Kwenye mazoezi kwotabeki, mrushaji mpira kama yeye, hagongwi. Mkabaji akimfikia anasimama, anamgusa na kiganja kama anamsalimu, filimbi inalia, basi. Kila mpira unaanzia mikononi mwake, na akivunjika hakuna timu, kwa hiyo wanamtunza kama yai. Tangu siku ile ya Oktoba hakuna mtu aliyekuwa amemgonga mume wangu. Sote tulishangilia afya ya mtu ambaye hajaguswa.

Mimi niliona dalili nikazicheka. Picha za harusi umezitazama? Ile ya mlangoni mwa kanisa, mlipoturushia mtama wa kulishia ndege kututakia heri? Katika kila picha Dalton amefumba macho, bega la kushoto amelificha nyuma yangu. Nilimtania wiki nzima kwamba nimeolewa na mwanamume anayeogopa mtama. Alicheka pia. Kisha siku moja alikuwa anaosha vyombo, nikanyata nikamkumbatia kwa nyuma, unajua nilivyo. Sahani ikamponyoka ikavunjika. Alipogeuka uso ulikuwa mweupe kama ile sabuni, na aliniomba radhi mara nyingi mno kwa sahani moja. Hapo kicheko kikaniishia.

Aliniambia usiku huo huo, tumekaa kwenye ngazi za nyuma, hanitazami. Alisema akihisi mtu anamjia kutoka kushoto, macho yanajifunga yenyewe. Mpira unakuwa umeshatoka mkononi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kugundua, hata kocha. Alisema maumivu hayaogopi. Anachoogopa ni kwamba ikifika mechi ya kwanza, bila jezi nyekundu, macho yatajifunga mapema, mpira ungali mkononi, naye atasimama pale gizani mbele ya watu wote hao. Nilimwambia amwendee Kocha Stroud asubuhi amweleze. Akaniuliza, "Kocha naweza. Lile paa la shemeji yako nitalielezaje?"

Usiku ule nilisikiliza anavyopumua nikajua naye ananisikiliza mimi.

Sasa nyanya. Jumapili iliyofuata, tulipotoka ibadani, niliwaza kwamba kama tatizo ni kuwa hakuna mtu anayemgonga, basi apatikane wa kumgonga. Hakutaka mwenzake yeyote ajue, hata Marcellus aliyemsimamia harusini. Nikabaki mimi. Nilijifunga mito ya kochi, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwa mkanda wa joho lake la kuogea. Nikavaa ile kofia yako ya baiskeli. Alipotoka na kuniona alicheka hadi akakaa chini, nami nikamwambia anyanyuke, ashike mpira, asimame karibu na nyanya.

Mara ya kwanza alifumba macho akaruka pembeni, nikapita nikaanguka peke yangu kwenye matuta. Mara ya pili hivyo hivyo. Ndipo nikabuni mtihani. Kila nikienda kujiandaa nyuma ya kibanda, nafunga nywele kwa kitu tofauti, na baada ya kumgonga namuuliza nimefunga nini. Nilifunga kitambaa cha jikoni, hakujua. Nikafunga utepe wa harusi, akabahatisha akakosa, ikaniuma kidogo. Jasho lilikuwa linanitoka kama mpagazi. Mwishowe nikaja kwa nguvu zangu zote, kutoka kushoto, tukaenda chini wote wawili, nyanya zikapasuka chini yetu. Akalala pale akitazama juu. Halafu akasema polepole, "Soksi yangu. Na ina tundu."

Nilimbusu pale pale kwenye matope. Na hapo ndipo Bibi Hedlund alipotokeza kichwa juu ya uzio akapiga kelele, "Weee, bi harusi! Unatuvunjia kwotabeki! Mechi bado, mwanangu, mpige baada ya Novemba, msimu ukiisha!"

Hiyo ndiyo habari kamili ya mimi kumpiga mume wangu.

Yanayofuata hayajui mtu hapa mjini isipokuwa watu wanne, na wewe ni wa tano. Jumamosi iliyopita, siku ya mashabiki kutazama mazoezi, shemeji alikuwepo, na najua alirudi nyumbani akisema kocha amerukwa na akili. Mwambie hajarukwa. Asubuhi ile Dalton alimwendea Kocha Stroud akamweleza yote, na akaiweka jezi nyekundu mezani kwake. Aliomba mchezo mmoja tu, agongwe kama watu wengine, mbele ya hao hao wanaomngoja. Kocha alikataa. Alimuuliza akivunjika tena yeye kocha ahamie wapi, maana hata mke wake atamfukuza. Dalton akamjibu kwamba afadhali kujua leo kuliko kujua Jumamosi ijayo, na kama macho yatajifunga, basi aanze kwotabeki wa akiba, yule kijana wa mwaka wa kwanza, na yeye mwenyewe atasimama kuwaambia watu sababu. Mwishowe kocha akamwita Marcellus, mkabaji, awe wa kumgonga. Maskini Marcellus alisema bora aache chuo. Dalton akamwambia, "Ukinionea huruma, ile keki ya harusi iliyobaki kwenye friza huionji."

Mimi alinikuta kwenye uzio kabla hawajaanza. Aliniambia katika uwanja wote mimi peke yangu najua cha kutazama. Nisitazame mpira, nitazame macho yake, nimwambie kweli.

Basi akatoka na jezi ya bluu. Mwanzo watu hawakuelewa. Kisha ukaanza mnong'ono, na shemeji yangu mwenyewe, Dori, akasimama juu ya benchi akapaza sauti, "Mvalisheni nyekundu!" Jukwaa zima likaitikia: "Nyekundu! Nyekundu! Nyekundu!" Walikuwa wanazipiga zile mbao za jukwaa kwa miguu. Sijawahi kusikia upendo unaotisha namna ile. Niliwatazama, wengine wana machozi, na nikaelewa kwamba hakuna hata mmoja wao anayemtakia mabaya. Wanataka tu asiguswe na awaletee kombe, yote mawili.

Mpira ukaanzishwa. Dalton akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua mkono. Nilimwona Marcellus anatoka kushoto.

Na mimi, dada, nikafumba macho.

Nilisikia mgongano. Nilisikia jukwaa likinyamaza. Nilikuwa nimeushika uzio na siwezi kufungua kope zangu, mimi niliyejifunga mito na kumfundisha mtu ushujaa kwenye nyanya. Nilipofungua, Marcellus alikuwa amepiga magoti, na mume wangu yuko chini, mkono mmoja juu ya kifua. Sijui ilichukua muda gani. Akakaa. Akasimama. Watu wakalipuka kwa kelele, lakini yeye hakuwapungia. Alikuja moja kwa moja kwenye uzio, kavua helmeti, majani yamemganda kwenye meno, akasema kabla sijafungua mdomo:

"Jezi namba arobaini na nne. Soksi ya kushoto imeshuka. Na alikuwa analia, yule mjinga."

Kisha akaniuliza kama nimeona. Nikamwambia kweli, kwamba sikuona kitu, nilifumba. Alinitazama, akaanza kucheka, akacheka akiwa ameegemea uzio mpaka kocha akapiga filimbi. Nilimtazama Marcellus akienda zake. Soksi yake ya kushoto ilikuwa chini kwenye kifundo.

Usidhani mambo yamekwisha. Kocha hajasema nani ataanza Jumamosi. Alimwambia Dalton kwamba kufumbua macho mara moja si msimu mzima, na wale wa upande wa pili hawatakuwa wanalia. Ni kweli. Usiku mume wangu bado anashtuka, na mimi bado nanyata nyumbani mwangu mwenyewe, na kabla ya kumkumbatia nakohoa. Watu wanaendelea kuniambia dukani kwamba mwaka huu ni wetu, nami natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Shemeji Lyle asiguse paa lake, aliache kama lilivyo, maana Dalton sasa anasema analipenda. Ila akikutana naye asimuulize habari za bega. Amuulize kama amekula. La pili ni lako. Jumamosi njoo mapema, ukae kushoto kwangu, na ukiniona nafumba macho nifinye, tena kwa nguvu, kama ulivyokuwa unanifinya kanisani tukiwa wadogo. Safari hii akija kuniuliza nataka niwe na jibu.

Wabusu watoto. Mbwa mpapase mgongoni mara moja kwa niaba yangu. Mama ukimpigia simu mwambie nimenenepa, atafurahi, ila ya macho na jezi usimwambie mpaka nimwambie mwenyewe. Dalton anakusalimu kutoka jikoni. Hajui ninachoandika, ila ameniona natabasamu na kufuta pua kwa pamoja, akasema lazima ni barua ya kwenda kwa Dori.

Ni mimi mdogo wako akupendaye sana,

Kaylene Kubik
(jina hili sichoki kuliandika)