Koti Limtoshe Happy

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimepita karakana ya Mwalimu Mwantum pale Mazwi, nyuma ya duka la vitambaa la kaka yake. Nilikwenda kuchukua vitu vya Kalista. Alijiandikisha kujifunza ushonaji, akahudhuria wiki mbili tu. Mei 18 presha ikamwangusha jikoni, hakuamka tena. Leo siku ya hamsini na moja.

Vitu vyenyewe ni mkasi, chaki, futi ya kupimia na vipande vya karatasi ya mfuko wa saruji. Wanaoanza wanashona karatasi, tena bila uzi. Sindano inatoboa tu. Kwenye karatasi yake mistari minne ya matundu imenyooka. Wa tano umepinda mwishoni. Labda mtu alimwita. Labda alicheka.

Mwalimu akasema ada harudishi, lakini kiti cha mke wangu kipo mpaka katikati ya Agosti. Nikae mimi.

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda! Nilimwachia mwenzangu mizani pale ghalani saa tisa na nusu, nikaenda na vumbi la mahindi kichwani. Tuko saba, sita ni mabinti. Nilipoingia wote walisimama — shikamoo, shikamoo — wakidhani nimekuja kukagua leseni.

Pedali imenishinda. Nakanyaga kwenda mbele, gurudumu linarudi nyuma. Nadhira, binti anayekaa cherehani cha pembeni, akasema, "Anko, mbona unapiga rivasi? Huko nyuma kuna nini?"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Nikafika nyumbani ndipo nikaona aibu kwamba nimecheka.

Happy alinichunguza mikono. Akauliza nimeshona nini. Nikamwonyesha karatasi yenye matundu. Akasema, "Baba, hii imeliwa na panya."

Jumapili, 14 Julai

Dada Fransiska amepiga simu kutoka Kaengesa. Ni dada mkubwa wa Kalista, na kwao yeye akisema, limesemwa. Watakuja Jumamosi ya Agosti 10, baada ya Nane Nane, kugawa nguo za marehemu. Mama mkwe naye atakuja.

Nikajikaza nikamwomba koti la zambarau. Hilo tu. Vingine wachukue vyote.

Akasema, "Shemeji, kwetu nguo anachukua mtu ambaye inamtosha. Haibaki inaning'inia msumarini, marehemu hapumziki. Wewe koti lile utaingiza nini? Kidole?"

Nikasema sawa dada. Mimi kila kitu sawa dada. Ningesema nini? Ni dada yake. Alimbeba mgongoni.

Koti alilinunua mnadani, mtumba, mwaka ule Happy alipoanza kutembea. Lilikuwa zambarau iliyoiva. Jua limelipausha. Julai kama hii, upepo ukianza, alitia kiazi cha moto kila mfuko akaenda nacho sokoni. Akirudi ananiambia mikono imepona, sasa nakula dawa.

Alhamisi, 18 Julai

Upepo umevuma tangu asubuhi. Vidole haviingizi uzi kwenye sindano. Nadhira ananitilia yeye, bila kuangalia, huku anaongea.

Nilimwambia habari ya koti. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Akasema ni rahisi tu. "Anko, si umpunguzie mtoto? Likimtosha Happy, ni la Happy. Sheria yao wenyewe hiyo!"

Moyo uliruka! Happy ana miaka tisa. Kweli, nani atamvua?

Nikamfuata Mwalimu, nikamwomba anikatie yeye. Kazi ya saa moja kwake. Akaweka pasi chini. Akasema hapana. Nguo ya maiti kabla haijagawanywa ni ya warithi wote, mkasi wake hauingii hapo. "Nitakufundisha mkono, kola, kila kitu. Utakachokata nyumbani kwako ni wewe na Mungu wako na shemeji zako."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angefoka.

Jumanne, 23 Julai

Nimempima Happy. Bega, kifua, urefu wa mkono. Hatulii, futi inamtekenya. Namba nimeziandika kiganjani kama nilivyozoea kuandika uzito wa malori.

Darasani nimekata mkono wa koti kwa karatasi. Huu wa koti una mgongo na tumbo: upande wa mbele wa kwapa unachimbwa zaidi, wa nyuma unaachwa umejaa. Nimekata miwili. Mwalimu akaishika dirishani akasema inafaa.

Inafaa! Miaka kumi na miwili niko Sumbawanga, sikumbuki mtu kuniambia hivyo.

Jumamosi, 27 Julai

Nimefumua koti. Happy alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nilifunga mlango kama mwizi.

Uzi mmoja mmoja, kwa wembe. Mikono ikatoka. Bitana ikatoka. Mfuko wa kushoto ulikuwa umetoboka siku nyingi, na ndani ya bitana, chini kabisa kwenye pindo, nimekuta karanga. Moja. Ya kuchemsha, imekauka imekuwa nyeusi.

Nimeila.

Sijui kwa nini nimeila. Ningeweza kuiweka.

Alhamisi, 1 Agosti

Zimebaki siku tisa. Mwalimu ananiambia bado, kata karatasi nyingine. Nimekata mikono kumi na minne ya karatasi. Naiota.

Dada Fransiska ametuma ujumbe: watakuwa watu wanne, niandae wali, Mama hali ugali siku hizi, meno.

Jumapili, 4 Agosti

Nimekata.

Baada ya misa nilimpeleka Happy kwa jirani. Nikatandaza mkono mmoja wa koti mezani, juu yake nikaweka wa pili, karatasi juu yao. Nikachora kwa chaki ya Kalista. Mkasi wake mgumu, kitambaa kizito, nilitumia mikono miwili. Nilisali kwanza. Nilimwambia samahani, kwa sauti, kama vile yuko chumba cha pili.

Mkasi ukilia kwenye kitambaa haufanani na kwenye karatasi. Karatasi inapiga kelele. Kitambaa kinanong'ona.

Yote yamekwisha saa tisa. Kifua nimekipunguza, urefu nimeupunguza. Vipande nimevikunja kwenye mfuko. Nimejisikia mtu aliyeweza.

Jumanne, 6 Agosti

Sijui niandikeje.

Nilikwenda nao mfuko kwa Mwalimu. Nilitaka kuonyesha. Yeye anatazama tu, hashiki. Akauliza, "Uliipanga vipi mezani?" Nikamwambia, huu chini, huu juu, yote inanitazama mimi. Akafumba macho.

Mabinti wakasogea. Nadhira akaanza kucheka, akaacha katikati.

Yote miwili ni ya kushoto.

Karatasi haina uso. Ukikata miwili sawasawa, mmoja unaugeuza unakuwa wa kulia, kazi imekwisha. Nimejifunza wiki nne kwenye karatasi, kumbe nimejifunza na kosa lake. Kitambaa kina uso na kina mgongo. Ilibidi niilaze iangaliane, uso kwa uso. Hata mtoto anajua! Mwalimu alisema kila mwanafunzi wa karatasi anafanya kosa hili mara moja. Ila wengine wanalifanya kwenye kitambaa cha majaribio.

Kitambaa kingine hakuna. Ni koti moja tu duniani.

Nilikaa kwenye kiti cha Kalista, sikukanyaga pedali. Nadhira aliniletea chai. Hakusema Anko, alisema Baba, kunywa.

Wakati wa kufunga Mwalimu akanifuata. Akasema aliapa hatakata, lakini kushona hakuapa. Njoo Alhamisi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima umefunga, Mwalimu amefungua kwa ajili yangu. Nadhira naye alikuja, eti kwao kuna wageni wengi.

Njia ni moja tu. Mkono mmoja tuugeuze, ndani uwe nje. Hapo unakuwa wa kulia. Mwalimu akaugeuza mezani. Upande wa ndani jua halijawahi kuuona! Zambarau iliyoiva, kama siku ya mnada. Nilikuwa nimesahau kwamba lilikuwa hivyo. Nilidhani nakumbuka, kumbe nakumbuka lililopauka.

Nimeshona mimi mwenyewe mshono wa mkono wa kushoto. Mwalimu ameshona wa kulia na kwapa zote. Nadhira bitana. Nimekanyaga mbele, gurudumu limekwenda mbele.

Ijumaa, 9 Agosti

Happy amelivaa. Limemtosha! Bega limekaa. Kola imekaa. Mkono mmoja umepauka, mwingine mbichi.

Nilitaka kumweleza, akaniwahi. "Baba, huu mkono mpya, huu wa mama." Akatembea toka mlangoni mpaka jikoni akiwa ameingiza mikono mifukoni, mabega juu kidogo. Hakuna aliyemfundisha kutembea hivyo.

Nimemwambia kesho asivae mpaka nimwite. Nguo zitatandazwa mkekani, kila mtu atajaribu, na yeye atajaribu kama watu wote. Likimtosha mbele yao hakuna wa kusema neno. Amekubali. Amelikunja mwenyewe.

Mchele nimeuchambua. Kuku wawili.

Jumamosi, 10 Agosti

Saa saba mchana. Naandika nimekaa kitandani, mlango nimeurudishia.

Walifika saa nne. Dada Fransiska, wajomba wawili, na Mama mkwe. Sijamwona tangu mazishi. Nilitoka kumpokea mfuko nikamkosa — namtafuta mtu mnene niliyemjua, kumbe ni yule mdogo aliyeshikwa mkono na dada. Amekwisha. Kitenge kimemzunguka mara mbili. Nilipiga goti, akanishika kichwa.

Wamekula. Mama alikula wali vijiko vitatu. Dada Fransiska akatandaza mkeka, akafungua sanduku, akasema tumwombee kwanza. Tukamwombea. Gauni la harusi ya binamu likamtosha dada mwenyewe. Sweta mbili, mjomba mmoja amechukua kwa ajili ya mkewe, anajua mwili wake. Mambo yanakwenda. Nilikuwa nahesabu nguo zilizobaki ili nijue lini nimwite Happy.

Ndipo Mama akasema kitu kwa Kifipa. Polepole, akiangalia mkeka. Mimi Mnyakyusa, Kifipa nasikia salamu tu na maneno ya sokoni. Lakini nilisikia jina la Kalista. Dada Fransiska akanigeukia, usoni hana ule ukali wake.

"Shemeji, Mama anauliza koti la zambarau. Anasema hataki kingine chochote. Kalista kila akija nyumbani alikuwa anamvua kitenge anamvalisha koti lile. Mwaka huu lilikuwa limeanza kumtosha kama lake. Mama anasema Kalista alikuwa anamwambia, nikiondoka nitakuachia. Halafu analivaa tena, anaondoka nalo."

Mama akacheka kidogo. Akasema kwa Kiswahili, ananiangalia mimi, "Alikuwa ananidanganya yule."

Nikasema nalifuata, liko chumbani.

Kweli liko chumbani. Liko hapa mapajani. Nimelipima kwa kiganja mgongoni, eti labda. Hakuna labda. Nilipunguza bega kwa vidole vinne, mgongo kwa viganja viwili, na vipande nilivyokata vyote vimo kwenye mfuko chini ya kitanda. Hakuna mwalimu wa kuvirudisha. Nikitoka nalo, atanyoosha mkono wake mwembamba, atauingiza, utakwama kwenye kiwiko. Mbele ya watoto wake. Nikitoka bila koti, nitasema nini? Limeibiwa? Sijui kudanganya, Kalista alikuwa anasema nikidanganya masikio yanasogea.

Nilimwomba koti dada Fransiska kwa simu. Kwa nini sikumuuliza koti hili kwao nani analisubiri? Sikuuliza. Niliwaza mtoto wangu tu, na mimi.

Dada ameita mara ya kwanza. "Shemeji, umelikosa? Nije tutafute wote?"

Nimejibu nakuja.

Mama anakohoa sebuleni. Wamemsogeza karibu na jiko la mkaa.

Happy ameingia. Hakugonga. Ananiona naandika, ananiona na koti, anadhani zamu yake imefika. Amelichukua mapajani kwangu taratibu, kama nilivyomfundisha, ameshaingiza mkono mmoja, ule mbichi. Bibi anatuita, anasema. Bibi anataka aone.

Anauliza aingize na wa pili, au asubiri. Naweka kalamu chini.