Picha ya Sichone Akisikiliza

Kambi ya Mgodi, Saza
Mwezi wa tatu

Mke wangu Tusekile, mama wa watoto wangu,

Salamu zangu zikukute mzima hapo Ikinga, wewe na watoto wote wawili. Niambie kama kikohozi cha Anyisile kimekwisha, na kama mvua haijabomoa tena ukuta wa jiko. Mimi mwili wangu hauna tatizo, isipokuwa joto. Wewe uliyezoea ukungu wa milimani hulijui joto la huku chini. Shati ninalovaa asubuhi limeshaloa kabla chai haijapoa. Lakini nakula, nalala, na wiki hii nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Katika barua yako uliuliza, "Utashuka shimoni mpaka lini?" Nilikaa nayo siku nyingi bila kujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Leo ninalo, ila nivumilie nianzie mwanzo.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka vita vya Bama, ukanicheka kwamba wenzangu wamerudi na nishani na mimi nimerudi na ujuzi wa kuosha picha. Ni kweli, vitani nilibeba masanduku ya mpiga picha wa jeshi, naye akanifundisha kazi yake yote kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine. Hapa Saza sikumwambia mtu habari hiyo, mpaka siku nilipomwambia Lazaro, karani wa ofisini, Mnyiha wa kule Nanyala. Yeye akaiweka moyoni.

Sasa, sisi wafanyakazi tuna kikundi cha michezo ya kuigiza. Kiongozi wake ni Sichone, Mnamwanga wa Tunduma, ambaye tunakaa naye chumba kimoja. Ametunga mchezo wa watu wawili waliofukiwa na mawe, habari ya kubuni, lakini huku kila mtu anaielewa. Unachezwa ndani ya ghala. Jukwaa ni mbao zilizolazwa juu ya mapipa, madirisha yanazibwa kwa magunia, na taa ni moja tu, ile ndogo ya mchimbaji anayoishika Sichone mwenyewe.

Bwana Mkubwa wa ofisi alitaka picha ya mchezo huo. Kwanza aliitwa mpiga picha kutoka mjini, aliyekuja na unga wake wa kuwashia mwanga. Alipouwasha ukalia puu. Sasa fikiria, ghala limejaa watu wa kazi ya baruti. Wote tulilala chini. Wanawake walikimbilia mlangoni, yule maiti wa mchezoni akafufuka akaruka kutoka jukwaani, na mimi nilijikuta chini ya benchi nimeshika kichwa. Picha zilipotoka zilikuwa na moshi na mabenchi matupu. Unga ukapigwa marufuku.

Hapo Lazaro akanipeleka ofisini. Bwana Mkubwa alinitazama matope ya miguuni, akauliza kama naweza kupiga picha gizani bila unga. Nikasema naweza. Tusekile, sikuwa na hakika.

Akasema, "Ofisi inataka mtu wa kupiga picha za wafanyakazi wote. Niletee picha ya mchezo ukiwa unachezwa. Sitaki watu waliopangwa mstari nje kama wa harusi. Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa, rudi shimoni na usimsumbue tena karani wangu."

Akanipa kamera ya ofisi yenye miguu mitatu na vipande vinne vya filamu. Mchezo ungechezwa tena Jumapili baada ya ibada.

Nilimwendea Sichone, nikamwomba aongeze taa tano jukwaani. Akakataa.

"Nikiweka taa tano, yule mtu hajafukiwa tena, amelala sebuleni kwake," akasema. "Tafuta njia nyingine, mukwai, bwana wangu. Giza langu sikupi."

"Basi simama kidogo nikupige."

"Nikisimama kwa ajili yako, watu wataona nimesimama kwa ajili yako."

Nilikasirika, lakini usiku nikitafakari niliona ana haki. Kwa hiyo kila jioni baada ya zamu nilikwenda kukaa kwenye mazoezi bila kamera, nikiwatazama tu. Katika giza namna ile kamera inahitaji muda wa kunywa mwanga, na mtu akitikisika anageuka kivuli. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mchezo wenyewe unatulia.

Jioni ya tatu nilipaona. Sichone anafukua mawe, anapiga magoti, anainua taa na kumwita mwenzake jina mara tatu. Halafu anasikiliza kama kuna sauti itakayojibu. Hapo hatikisiki hata kope. Nilihesabu moja, mbili. Ilitosha, kama mkono wangu ungekuwa sawa.

Nilipima kwa kamba kutoka kamera mpaka pale anapopiga magoti, nikaiweka lenzi kwa umbali huo, kwa maana gizani huoni kitu kwenye kioo cha kamera. Miguu ya kamera niliifungia mifuko ya mchanga, kwa sababu mbao zile hutetemeka watu wakikanyaga.

Jumapili ghala lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mihimili. Mchezo ulipoanza tu, mvua ikaja. Tusekile, mvua juu ya bati! Sikusikia neno hata moja la jukwaani. Nilikuwa nimepanga kufuata sauti, na sasa sauti haikuwapo. Vipande viwili vya kwanza nilivipiga kwa wasiwasi nikajua vimeharibika. Cha tatu, mtu wa nyuma yangu alinigonga bega.

Kikabaki kimoja. Sichone akaanza kufukua, akapiga magoti, lakini si pale nilipopima. Alikuwa amesogea mbele hatua nzima. Nikasogeza lenzi mbele kwa kukisia, kwa kumbukumbu ya vidole tu, nikaacha kutazama mdomo wake nikatazama mabega. Yalipanda alipoita mara ya kwanza. Yakapanda mara ya pili. Yakapanda mara ya tatu, yakashuka.

Nikafungua. Moja, mbili. Sijui alipata wapi wazo lile, lakini kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga, alisikiliza kwa muda mrefu kuliko siku zote, ameinamisha sikio kwenye mawe kama mtu anayesikiliza kweli. Tatu. Mama mmoja mbele yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Nne. Nikafunga.

Kesho yake mchana niliomba ruhusa, nikajifungia stoo na Lazaro, tumeziba upenyo wa mlango kwa blanketi. Vipande vitatu vilikuwa kama nilivyojua, vivuli na ukungu. Cha nne niliposafisha picha yake, kwanza ilitokea ile taa, nukta tu. Halafu mkono. Halafu uso wa Sichone, na kila mfereji wa jasho ukiwa mahali pake, na nyuma yake giza jeusi kabisa ambalo hakutaka kunipa. Lazaro alinishika mkono.

Sichone tulimwonyesha kabla ya ofisi. Aliishika pembeni kwa vidole viwili, akaitazama mpaka nikaanza kuogopa. Akasema, "Mama yangu alikuwa anasikiliza hivi, baba akichelewa kurudi." Nikamwoshea nakala yake.

Bwana Mkubwa aliipeleka dirishani, akaitazama, akauliza, "Hukuwaambia wasimame?" Nikasema, "Hapana, Bwana. Niliwangoja." Akaibandika ukutani nyuma ya meza yake, akamwagiza Lazaro aandike jina langu upya kwenye kitabu cha kazi.

Basi jibu la swali lako ni hili: sishuki tena. Juzi asubuhi king'ora kililia, wenzangu wakaingia, nami nikasimama juu mlangoni na kamera, nikimpiga picha mmoja mmoja kabla hajashuka. Jua lilikuwa linanichoma uso na sikutaka kusogea kivulini. Watu wa kazi ya juu hupewa chumba cha familia, na mavuno yakiisha uje na watoto. Picha ya Sichone nimeikunjia ndani ya barua hii. Ile nyingine ndogo ni yangu mimi, kanipiga Lazaro, ndiyo maana kichwa kimekatwa kidogo.

Nisalimie mama yangu, na umwambie wewe mwenyewe habari ya kuacha shimo, polepole, maana atalia. Msalimie baba yako mkwe wangu, dada yangu Eliza na mumewe, na mwalimu wa kanisa aliyekufundisha kusoma. Bila yeye ningemwandikia nani? Watoto uwashike mikono kwa niaba yangu.

Ni mimi mume wako,
Ambokile, mpiga picha wa mgodi