Minazi ni Yangu, Uwanja ni wa Kaka

Bofu, Likoni
Machi 1994

Bi Kafedha mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi miaka, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi nisamehe, tusalimiane tu kwa mema. Naomba msaada wako wewe unayewajibu watu gazetini, kwani hili nimelibeba wiki ya sita sasa na sina wa kumwambia, kila nimjuaye ama yuko upande wa kaka yangu ama yuko upande wa klabu, nami nimebanwa katikati hata kulala silali vyema.

Naitwa Mwanarusi, mjane wa miaka hamsini na sita, nakaa na wajukuu wangu wawili. Mama yangu alipofariki, shamba lilimwendea kaka yangu mkubwa, Mwinyihaji, nami nikaachiwa minazi kumi na mmoja iliyo ndani ya shamba hilo, na wewe ni mtu wa pwani, huna haja ya kufafanuliwa: ardhi ni yake, miti ni yangu, na mwenye mnazi hazuiliwi njia ya kuufikia mnazi wake. Hatujagombana kwa hilo hata siku moja. Nikiangua nazi nampelekea za kupikia, na mume wangu alipofariki kaka alikuja kila siku ya eda yangu, miezi minne na siku kumi, akaketi barazani hata kama hana la kusema, ili nisijione sina mtu.

Sasa miaka mitatu iliyopita alirudi Kahindi, mtu wa hapa hapa aliyekuwa baharia melini, akaja na visahani vya plastiki, si vile vyepesi vya watoto wa ufukoni, hivi ni vizito na vina ukingo mkali, akasema huko bandari za mbali alikopita watu wazima wanacheza navyo mchezo wa kuhesabiana. Unasimama mbali, unarusha, unakwenda kilipoangukia unarusha tena, hadi kiingie kwenye tenga, na aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Akamwomba kaka shamba lile, kaka akakubali, na mimi akaniomba minazi ya kufungia matenga, nikamwambia funga tu mwanangu, mnazi haupungukiwi na kitu. Wakaja watu wa bandari ya Kipevu, wapakiaji na makarani wa gatini, wakafyeka vichaka wenyewe, wakafunga matenga tisa, manane kwenye minazi yangu na moja kwenye mkanju, mti wa korosho wa kaka, na juu ya kila tenga wakaning'iniza vipande vya minyororo mikuukuu, kisahani kikigonga hapo kinapoteza nguvu kinaanguka ndani. Ndiyo ikawa klabu. Kaka naye akazungusha ua wenye mlango mmoja, akaunda kamati ya uwanja, yeye mwenyekiti, na mambo yakaenda.

Balaa lilianza hoteli moja ya huko kusini ilipoleta wageni wake kucheza, wakapenda, hoteli ikaahidi kuvuta bomba la maji hadi pale uwanjani na majirani wote tuteke, nawe Bofu unaijua kwa shida ya maji. Kamati ikaona isipoteze bahati hiyo, ikaamua Jumamosi na Jumapili ziwe za wageni, klabu wachukue Jumanne na Jumatano. Bi Kafedha, hao ni watu wa gatini, Jumanne wako kazini! Wakaitana kikao, maneno yakapanda, na Kahindi, ambaye kwa kawaida ni mpole, akasimama mbele ya watu wote akamwambia kaka yangu, "Mzee, wewe unachojua ni kufunga na kufungua mlango tu. Kisahani chenyewe hujakirusha hata mara moja, utatuamulia nini?" Watu wakacheka. Walicheka sana, wallahi, hata wa kamati. Kaka akaondoka, na kesho yake akatia kufuli kwenye mlango wa uwanja, hakuna klabu tena siku yoyote ile.

Sasa Kahindi kanijia. Anasema, "Mama, wewe huzuiliwi njia. Ingia nasi, useme sisi ni wakwezi wako tumekuja kuangua nazi, na tukishakuwa ndani nani atatutoa?" Na kaka naye kanijia, anataka Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya alasiri niseme mbele ya kamati kwamba minazi nimeikabidhi kwa uwanja, nisiwe na neno juu yake tena, na akaniambia, macho yakitazama kwingine, "Ukiwapitisha wale, Mwanarusi, usinijue tena." Nikaitika abee kaka, nikaingia ndani nikalia.

Na sasa nakuja kwenye lile ambalo sijamwambia mtu. Siku Kahindi aliponijia aliniachia kisahani kimoja chekundu, akasema ni zawadi. Nikakiweka juu ya kabati. Alfajiri moja baada ya swala nilikwenda kutazama minazi yangu, hiyo ni haki yangu, napitia uwazi wa ua upande wa kisima kilichokauka, na sijui shetani gani alinituma nikakibeba chini ya buibui. Nikasimama pale wanaposimama wao. Hapakuwa na mtu. Nikakirusha. Bi Kafedha, mimi nimezaa, nimezika, nimehiji, lakini jambo lile sijapata kuliona. Kilitoka mkononi mwangu kikalala juu ya hewa, kikaenda kushoto nikasema kimepotea, kumbe kinapinda, kikauzunguka mnazi wa tatu chenyewe bila kuguswa na mtu, kikarudi kulia, na kabla ya kushuka kikasimama. Nakwambia kilisimama hewani, kama mtu aliyeitwa akageuka kusikiliza, kisha kikashuka polepole majanini. Nikasema Subhanallah kwa sauti, nikaziba mdomo. Mkono huu huu unaokuna nazi! Nilicheka peke yangu, nikaona aibu, nikarusha tena.

Tangu siku hiyo naenda kila alfajiri. Na kuna jambo jengine la ajabu zaidi. Hutokea kisahani kikanipotea kichakani upande wa mkanju, nikatafuta hadi jua likatoka na wajukuu wananingoja waende shule, nikakata tamaa nikarudi nyumbani. Kesho yake nakikuta kimeegemezwa kwenye shina la mnazi wa kwanza, kisafi, hakina tope wala umande. Mara nne sasa. Mara ya kwanza niliogopa, mara ya pili nilisoma dua, sasa nafika pale nasema ahsante na sijui namshukuru nani.

Basi niambie nifanye nini. Nikiwapitisha klabu nampoteza kaka, na sina mwingine. Nikimkabidhi kaka minazi, nawadhulumu waliofyeka shamba kwa mikono yao, na mimi mwenyewe sitarusha tena maisha. Na naona haya kwamba mwanamke mzima hasikitikii maji wala haki, anasikitikia kisahani.

Wako katika dhiki,
Mwanarusi


Bi Kafedha anajibu:

Marahaba Mwanarusi, nimekuzidi miaka mitatu.

Barua yako nimeisoma, nikacheka, nikakasirika, kisha nikapanda feri. Sina kawaida hiyo. Watu huniandikia waume zao wana wanawake wa nje, na sijapata kutoka Kisauni kwenda kumtazama mume wa mtu. Lakini hili la kisahani kusimama hewani sikuliamini, na dada yangu anakaa huko Likoni, nikalala kwake Ijumaa. Nitakueleza nilichokiona. Kwanza nikugombeze.

Unaona haya kwa nini? Umekaa miaka hamsini na sita ukifanya linalotakiwa na watu, umepata jambo moja linalokufanya useme Subhanallah alfajiri, na wewe unaliita shetani. Acha. Aliyekosea hapo ni Kahindi, na umwambie nimesema mimi. Kumdhihaki mzee wa watu hadharani, juu ya ardhi aliyoitoa bure, ni utovu wa adabu, hata kama dai la klabu kuhusu siku zao lilikuwa la haki. Na huo ujanja wa wakwezi usiuguse. Njia ya mnazi ni amana uliyoachiwa na mama yako. Ukiitumia kupitisha watu thelathini wasioweza kukwea hata ngazi, umeichafua, na siku utakayoihitaji kwa haki yako hakuna atakayekuamini. Minazi nayo usiikabidhi kwa kamati yoyote duniani. Kamati hubadilika.

Na nyote mna vichwa vigumu, mnisamehe. Mtu aliyekuja hotelini kupumzika, kwake siku zote ni Jumapili! Mgeni hajui Jumanne wala haijali, mradi jua liwake. Anayejua Jumanne ni mpakiaji wa Kipevu. Basi wageni wapewe Jumatatu hadi Ijumaa, klabu wapewe siku zao mbili, na bomba la maji lije vile vile. Hakuna aliyekwenda kuiuliza hoteli, kwa sababu kila mmoja wenu alikuwa anashughulika na kukasirika. Mwambie mwenyekiti akaulize.

Sasa nilichokiona. Jumamosi alfajiri mimi na dada yangu tulisimama nyuma ya ua wa makuti wa jirani yenu, wanawake wazima wawili tukichungulia, Mungu atusamehe. Ukaja. Ukakunja buibui, ukarusha. Mwanarusi, ni kweli. Kilisimama. Dada yangu alinishika mkono hadi akaniumiza, na mimi ninayewachamba watu kila wiki gazetini nikasahau kujificha, nikanyoosha shingo juu ya ua. Nimevuka kivuko kile maisha yangu yote, nikadhani ng'ambo hiyo hakuna jipya la kunionyesha. Ukarusha tena, na mara ya tatu kikaingia kichakani upande wa mkanju. Ukakitafuta, jua likatoka, ukaenda zako kwa wajukuu.

Hatukuondoka. Nilitaka kumjua huyo unayemshukuru.

Akatoka mzee nyuma ya mkanju. Kofia nyeupe, kikoi cha buluu, fimbo. Dada yangu anamjua, akaninong'oneza jina. Alikuwa pale muda wote ulipokuwa ukirusha. Akaingia kichakani kwa fimbo yake, akachokoachokoa kwa subira, akakipata, akakifuta kwa ncha ya kikoi. Nikasema basi, sasa atakiegemeza mnazini aende zake. Hakwenda. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaweka fimbo chini, akasimama pale pale ulipokuwa umesimama wewe.

Akarusha.

Kilitua kwa ukingo kikabingirika hadi karibu na ua wetu, tukainama. Akakifuata, akarudi, akarusha tena. Mara saba, Mwanarusi. Hata mara moja hakikukaribia tenga. Lakini mara ya tano kililala hewani kidogo, hatua kumi hivi, na yule mzee, mwenyekiti wa kamati aliyefunga mlango kwa kufuli, akatia mkono mdomoni na nikamsikia kwa masikio yangu akisema Subhanallah. Neno lako lile lile. Nililia, sikufichi.

Mtu aliyechekwa kwamba hajawahi kurusha amefunga mlango ili ajifunze asionekane. Na kila anapokuona wewe unarusha, anakuacha, na kilichokupotea anakurudishia kisafi. Huyo ndiye aliyekuambia usimjue tena? Huyo hawezi kukaa siku mbili bila kukujua.

Basi fanya hivi, na usiongeze wala kupunguza. Usingoje Jumapili ya kamati. Nenda kwake kesho baada ya alasiri, peke yako, usiende na Kahindi. Usimwambie kwamba ameonekana, asilani, hilo libaki kwangu na kwako mpaka yeye mwenyewe aseme. Ungama lako kwanza: kaka, mimi narusha, kila alfajiri, na sitaki kuacha. Kisha mwambie sharti la mwenye minazi, kwamba matenga yatabaki juu ya miti yako maadamu klabu wana Jumamosi na Jumapili. Kahindi aje baada yako amwombe radhi barazani pake, mbele ya wale wale waliocheka.

Jibu hili nampa dada yangu akuletee kwa mkono. Gazetini halitatoka mpaka uniletee neno kwamba kaka yako mwenyewe amelisoma na ameridhia lichapwe, na likitoka, majina yenu nitayageuza. Asipokubali, litakaa kwenye mtoto wa meza yangu.

Na unapokwenda kesho, kisahani usikifiche chini ya buibui. Kibebe mkononi, na mkishamaliza kusema, mwambie mtoke nje. Anakishika kwa ncha za vidole kama sahani ya mchuzi wa moto. Mfundishe.