Kilo za Kwini

Jumapili, 12 Januari
Maziwa yameshachukuliwa. Banda nimelisafisha. Mama yuko jikoni anamenya ndizi. Paka amejilaza katikati ya mlango kama gunia, nimemruka kwenda, nimemruka kurudi.

Anaitwa Kwini. Jina walimpa watoto wa mdogo wangu Deo. Krismasi ya mwaka juzi Deo na mkewe Glory walimleta kutoka Dar ndani ya kikapu cha plastiki. Walipoondoka, kikapu kiliondoka kitupu. Eti nyumba waliyohamia hairuhusu wanyama. Eti huku kijijini Uru kuna nafasi. Kweli, huku kuna nafasi ya kila kitu ambacho Deo hakitaki.

Kihamba, shamba letu la ukoo, ni cha Deo kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Jembe la kihamba ni langu.

Jana Glory alipiga simu ya video. Akataka kumwona paka. Akapiga kelele: "Jamani wifi, mbona amezidi kuwa bonge hivyo? Mpeleke kwa daktari!" Hakuuliza mama anaendeleaje. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu kabisa.

Jumamosi, 18 Januari
Mjini na paka. Nilimtia kwenye kapu la sokoni, nikafunga kitenge juu. Alilia njia nzima. Mwenye bodaboda alicheka mpaka nikatamani kumshusha yeye.

Daktari wa mifugo ni mama mmoja wa makamo, ana kibanda karibu na mtaa wa Soweto. Mpole. Hakucheka. Akamtia Kwini kwenye mzani: kilo tano na nusu. Kwa umbo lake alitakiwa awe na nne na kidogo. Akanishikisha mbavu za paka. Sikuzipata.

Akanieleza. Paka akishatolewa kizazi, mwili unahitaji chakula kidogo kuliko zamani, ila njaa inaongezeka. Kwini walimtoa kizazi huko huko Dar. Kwa hiyo: maziwa basi. Mabaki ya mezani basi. Chakula kipimwe kwa kikombe, asubuhi na jioni, na kipunguzwe kidogo kidogo. Nisimkatie ghafla, paka akikaa na njaa siku kadhaa ini linaharibika. Achezeshwe. Apimwe kila Jumamosi.

Nina watoto darasa zima wa kufundisha, ng'ombe, kahawa, mama. Sasa nimchezeshe paka.

Jumapili, 26 Januari
Wiki ya kwanza. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nimefunga kamba kwenye gunzi la mahindi, naliburuza uani baada ya chai. Anaruka mara mbili, anakaa chini, ananitazama kama mwajiri.

Mama hapendi. Kasema kumnyima mnyama chakula na chakula kipo ni dhambi. Nikamwambia ni amri ya daktari. Akasema daktari hakai na huyo paka.

Jumamosi, 1 Februari
Nimempima kwa mzani wa ndoano, ule marehemu baba aliokuwa akipimia kahawa. Paka ndani ya kapu, kapu kwenye ndoano, mimi nimekodoa macho.

Ameongezeka.

Sielewi. Napima mwenyewe. Namlisha mwenyewe.

Jumapili, 9 Februari
Nimegombana na Mama Aloyce, jirani. Nilimkuta Kwini kwenye mgomba wa mpakani anajilamba, nikajua ndiko anakolishwa. Nikamwambia mbele ya wanajumuiya wenzetu, tukitoka kanisani. Akajibu kwamba yeye ana wajukuu wa kulisha, hana haja na paka wa Dar. Watu wakacheka. Walinicheka mimi.

Najua wanavyosema. Manka amezeeka nyumbani kwao, sasa anagombania paka.

Jumamosi, 15 Februari
Ameongezeka tena. Tumbo linagusa nyasi.

Nimemuuliza mama waziwazi kama anampa chakula. Akasema hapana. Nikauliza tena. Akasema, "Manka, mimi ni mama yako." Hilo si jibu. Lakini kwetu ukishaambiwa hivyo, unanyamaza.

Nimeona bakuli nyuma ya jiko, limelambwa likang'aa. Kwa hiyo mama anasema uongo. Mama yangu, mwenye rozari shingoni, anasema uongo kwa ajili ya paka.

Nimekasirika kuliko inavyostahili. Najua. Bado nimekasirika.

Alhamisi, 20 Februari
Uhamisho umetoka! Nimepangiwa Mkuu, Rombo. Naripoti baada ya Pasaka. Nimeomba mara tatu, miaka mitatu.

Watu watadhani nina mwanamume huko. Sina. Nataka chumba changu, na mlango ambao nikiufunga hakuna anayeniita nyuma yake.

Nilimwambia mama nikiogopa. Alifurahi. Alifurahi kweli, akapiga kigelegele, sauti ikakatika katikati, akacheka. Akasema binti wa shangazi atakuja kukaa naye, wameshazungumza. Yaani walishazungumza bila mimi. Sikujua nifurahi au niumie. Niliumia kidogo. Ameniruhusu haraka mno.

Jumatano, 5 Machi
Majivu, mwanzo wa Kwaresima. Mama ameanza kufunga. Nimemkumbusha kwamba Kanisa halimdai mtu wa umri wake kufunga. Akasema Mungu hajui umri.

Jioni anaomba mtori tu, supu nzito ya ndizi na nyama. Nyama isagike kabisa. Anasema ni meno. Anapenda kula peke yake jikoni, eti moshi umemzoea. Sawa. Mimi nakula sebuleni na madaftari ya watoto.

Jumamosi, 8 Machi
Kilo sita.

Nimepiga kelele. Nimemwambia mama kwamba anafanya makusudi, kwamba hakuna ninachoshika nyumba hii kisiharibiwe, kwamba hata paka siwezi kuachiwa nimsimamie. Alikuwa anasuka ukindu. Hakuinua uso. Kwini amekaa miguuni pake, anakoroma.

Nilitamani niondoke leo. Niende Mkuu hata kwa miguu.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua kubwa. Tumewaruhusu watoto mapema kabla mto haujajaa. Nimefika nyumbani mchana, viatu mkononi.

Sikuita. Nikapita nyuma, nikaona kwa dirisha la jiko.

Mama alikuwa na bakuli la mtori mapajani. Alichota kijiko. Akakiweka mdomoni, akafumba macho, shingo ikakaza. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akainama akautema wote kwenye kitambaa. Akajaribu tena. Ukarudi tena. Halafu akafuta mdomo, akalishusha bakuli sakafuni, taratibu, na Kwini akaja.

Akawa anamsugua mgongo paka akila. "Maliza," akamwambia. "Maliza asijue."

Niliingia. Hakushtuka. Alichoka, nadhani.

"Chakula hakipiti, Manka."
"Tangu lini?"
"Kabla ya Krismasi."
"Krismasi tulikuwa wote hapa, mama. Tulikula wote."
"Nilikuwa na sahani. Mlikuwa mnaongea."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akatazama mvua.

"Nilitaka uende kwanza."

Ijumaa, 14 Machi
Kitenge chake kinamzunguka mara mbili. Mara mbili. Mikono imebaki mifupa na ngozi. Mabega yanaonekana kama kitu kilichotundikwa.

Kila Jumamosi nilikuwa napima paka.

Ijumaa, 21 Machi
Hospitali. Benchi. Benchi jingine. Wameingiza kamera kooni. Nimemshika miguu, ilikuwa ya baridi.

Uvimbe kwenye njia ya chakula. Mkubwa. Daktari ni kijana, aliongea vizuri, hakunificha. Hautolewi tena. Watamwekea mrija tumboni ili alishwe kwa huo. Akauliza mgonjwa anaishi na nani.

Na mimi.

"Na hamkuona anavyopungua?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana sikuweza hata kumchukia.

Jumatatu, 24 Machi
Nimempigia Deo. Akasema, "Mbona hamkusema mapema?" HAMkusema. Kana kwamba tulikuwa kamati. Akasema kazi imembana, watakuja Pasaka. Akasema tumwombee.

Glory akachukua simu. Pole, wifi. Pole sana. Kisha akauliza: vipi Kwini, alipungua?

Nikakata. Atadhani ni mtandao.

Alhamisi, 3 Aprili
Mrija umewekwa. Nesi amenifundisha: chuja, pooza, mimina polepole, suuza kwa maji safi. Mama anageuza uso wakati wa kulishwa. Anasema ni kama kumwagilia mche.

Nilipita ofisi ya elimu kukataa uhamisho. Walinishangaa. Mbona ulitusumbua miaka yote hii?

Jioni nilimwambia mama. Akasema tu: "Basi nilijitesa bure." Akageukia ukuta.

Sikulia. Nilikwenda kumkatia ng'ombe majani. Nilikata mengi mno, ng'ombe mwenyewe akayaacha.

Jumamosi, 12 Aprili
Nilikuwa mjini kufuata dawa za mama, nikambeba na Kwini. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeahidi.

Kilo tano. Daktari amefurahi. Kaziona mbavu kwa vidole. Akasema wenye paka wengi hushindwa, akaniuliza nimetumia mbinu gani. Akasubiri nimjibu.

Nikasema nilifuata maelekezo.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Deo, Glory na watoto wamefika saa sita, gari limejaa matope. Mama alisisitiza kukaa nje, kwenye kiti, amevaa gauni la kanisani. Lilikuwa linampwaya. Nililibana kwa pini mgongoni.

Watoto walishuka wakimkimbilia paka. Glory akamwinua, akamgeuza huku na huku. "Jamani, Kwini amekonda! Wifi, mnamlisha kweli?"

Hatua chache tu kutoka kwa mama. Alikuwa hata hajamwamkia.

Nilimnyang'anya paka. Nilifungua mlango wa gari, nikamtupia ndani. Nikasema: "Mchukueni. Mlimleta, mchukueni. Mkishamaliza kumpima, mgeuke mtazame aliyekuwa anamlisha chakula chake mwenyewe." Sauti yangu sikuitambua. Watoto walianza kulia. Mama Aloyce alisimama mpakani na ndoo yake.

Deo alikuja kunishika mkono, nikautoa. Ndipo akageuka. Akamtazama mama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza. Akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya Pasaka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," mama akasema. "Nirudishieni paka wangu."

Wangu, alisema.

Jumatatu, 21 Aprili
Wameondoka asubuhi. Deo alitaka kujifunza kumlisha mama, nikamwonyesha. Akamwaga nusu. Alisema atakuja kila mwezi. Pengine atakuja. Glory aliosha vyombo vyote bila kuambiwa. Alipoaga alisema pole bila kuongeza neno jingine, na nikaitika.

Sijawasamehe. Naandika hivi ili nisijidanganye baadaye. Na mimi mwenyewe sijajisamehe, nami sina gari la kuondoka nalo.

Jumapili, 11 Mei
Mama Aloyce kaleta maziwa na mkungu wa ndizi. Nilimwomba radhi kwa yale ya kanisani. Alisema alishasahau. Hakusahau, lakini alikaa na mama hadi jioni wakasengenya watu kwa Kichagga, wakicheka chinichini. Nilisikia jina langu.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua nyepesi. Mlima haujaonekana wiki nzima.

Siku hizi nakula jikoni, nimesimama, haraka haraka, ili mama asisikie harufu. Leo ameniita. Akaniambia nibebe sahani yangu nije nile karibu naye.

Nikasema nimeshiba. Akasema, "Njoo ule, Manka."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda na kiburu changu, ndizi na maharage. Kwini alikuwa amelala ubavuni mwa mama, hakuinuka. Nilikula. Mama alinitazama mdomo, kila tonge. Mwanzoni lilinikwama. Baadaye likapita.

"Kikoje?"

Nikamwambia maharage yameiva vizuri, ila chumvi imezidi.

"Kesho weka ndizi zaidi," akasema, na akafumba macho.