Dawa ya Mabaka Ninayokunyima

Mabawe,
Ngara,
Kagera.
21 Juni, 1998

Mpendwa mdogo wangu Adelfina,

Marahaba, mdogo wangu, na marahaba tena. Shikamoo yako imekaa njiani kutoka Songea karibu mwezi mzima, lakini imefika na heshima zake zote, naipokea kwa mikono miwili. Hujambo? Shemeji Gaudence hajambo? Mama mkwe wako anaendeleaje na mguu wake? Na huyo mgeni aliyemo tumboni, anacheza? Huyo ndiye ninayemwulizia hasa. Ninyi wengine nawasalimia kwa adabu tu.

Sisi huku wazima. Desderius bado yuko kwenye malori ya chakula cha wakimbizi, anarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope. Watoto wazima. Mimi pia mzima, ukiacha magoti, ambayo siku hizi yanatangaza mvua kabla ya redio. Tunapura maharage. Mwaka huu yamekubali, Mungu asifiwe.

Warundi bado wako kambini, wengi tu, na baadhi yao tumezoeana mpaka tunajuana majina ya watoto. Shida ni kuni. Ule msitu wa nyuma ya kwa marehemu baba, ulikojificha siku ile ya chanjo, usiutafute ukija. Sasa ukisimama pale unaona moja kwa moja mpaka milima ya Burundi, hakuna hata kichaka cha kumficha kuku.

Sasa nije kwenye barua yako. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikakaa chini.

Unasema mabaka yamekutoka usoni, mashavu yote mawili na juu ya mdomo, kama mtu aliyekunywa kahawa akasahau kujifuta. Unasema mama mkwe anakutazama wewe, halafu anamtazama mwanawe, halafu anaendelea kuchambua mchele. Na kwamba kuna jirani amekwisha kunong'ona kuwa hivyo ndivyo wanavyoanza wenye ule ugonjwa. Kisha ukaiona picha ya kipaimara cha Frida, mimi nimesimama pembeni uso umetakata, ukaniandikia: dada, nitumie hiyo dawa, hata nusu ya tyubu itanitosha.

Adelfina, nusu ya tyubu ninayo. Iko ndani ya sanduku la nguo, chini ya kitenge cha Pasaka. Sikutumii.

Usinune kwanza. Nakujua ukinuna, hata barua huifungi vizuri. Nipe nafasi nikueleze yaliyonipata, halafu ununue hasira yako ukiwa unajua unachonunua.

Mimi yalinitoka baada ya uzazi wa mwisho, nikadhani ni masizi ya jikoni. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa jani la mlimau, yakazidi kukolea. Na wewe unajua mkoa wetu ulivyozika miaka hii. Huku mtu akiwa na alama kwenye ngozi, anasomwa kabla hajasalimiwa. Nami nikaanza kujisoma mwenyewe. Malori yakiwa mengi Desderius hulala Nyakanazi, na Nyakanazi unaijua, nyumba za wageni zimepangana kutoka mwanzo wa mji hadi mwisho, na wasichana wa pale hawamuulizi dereva ana watoto wangapi. Nikajitazama kwenye kioo, nikamtazama mume wangu anavyokula, nikapiga hesabu zangu kimya kimya.

"Mama Frida, nimekosa nini?" akaniuliza siku moja.

"Hakuna."

Wewe ni mke wa mtu, unajua hiyo "hakuna" ina uzito wa gunia.

Mwisho nikaamua kwenda hospitali ya kambini, ambako nasi wenyeji tunapokelewa. Niliichagua kusudi, ili nisikutane na anayenijua. Basi wa kwanza kukutana naye getini ni nani? Eustakia, jirani yangu huyu wa ng'ambo ya migomba, ana mkungu wa ndizi kichwani anapeleka kuuza.

"Dada Francisca! Unaumwa nini?"

"Jino."

"Pole sana. Lakini wa meno haji leo."

"Nitamsubiri."

"Mpaka Alhamisi?"

Daktari alikuwa mama wa Kizungu mwenye Kiswahili kichanga lakini chenye bidii. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaniuliza, "Mama, una mimba?" Nilicheka, Adelfina. Nikamwambia, "Daktari, mimi sasa hata kuku wangu wameacha kutaga." Yeye hakucheka. Aliniuliza tena, pole pole, mpaka nikajibu sawasawa kama mtu mzima, ndipo akaandika.

Akaniambia ule ugonjwa hautoi mabaka ya namna hii. Haya yanatokana na uzazi, na jua, na ngozi za familia fulani zinayapata kuliko za wengine. Nikamwomba anipime damu hata hivyo. Siku ya majibu nilikaa kwenye benchi na rozari mkononi, nikishindwa kukumbuka "Salamu Maria" inaendeleaje baada ya "umejaa neema". Damu ilikuwa safi. Desderius naye nikamsukuma akapima, naye safi. Siku hiyo nilimchinjia jogoo bila sikukuu yoyote, na nadhani hapo ndipo alipoogopa kweli.

Daktari akaniandikia cheti cha dawa ya kupaka, ya kufifisha weusi wa ngozi. Nikashtuka. Nikamwambia huo si ndio mkorogo? Kuna wasichana kambini wanajipaka, wenyewe wanaita kwitukuza, yaani kujifanya mwekundu, na mashavu yao nimeyaona yanavyobabuka. Akasema, "Mkorogo hujui ndani kuna nini. Hii mimi najua, na nitakuangalia kila mwezi, na muda ukifika tutaacha. Sikupi weupe, mama. Nataka shavu lifanane na paji la uso." Neno hilo likanituliza. Desderius akaenda na cheti mpaka duka la dawa Mwanza, na wenzake walipoiona hiyo tyubu wakamtania njia nzima kwamba ameoa msichana na hajawaambia.

Masharti yalikuwa haya: nipake usiku tu, nipake kwenye mabaka tu, nivae kofia pana, nikae kivulini. Alipotaja kivuli nilitazama nje ya dirisha lake. Kutoka pale mpaka upeo wa macho, kila mti uliokuwa kivuli ulishapikia uji. Nikapokea kofia. Ungeniona napalilia na hiyo kofia ya majani, pana kama ungo! Watoto wa shule wakipita wananisalimia, "Good morning, madam."

Sharti la mwisho ndilo lililoniponza. Alisema dawa iwe kiasi cha harage.

Mwambie mtu wa Songea harage, atachukua harage. Mwambie Mhangaza wa Ngara kama sisi, lazima ajiulize lipi. Tunayo madogo meupe, tunayo ya njano, tunayo meusi, tunayo yale makubwa ya madoadoa mekundu tunayopanda mvua za kwanza. Nikaona dawa iliyotoka Mwanza kwa lori haifai kudharauliwa, nikachagua lile kubwa. Nikakamua dawa sawasawa na harage langu, na kwa kuwa ilizidi mabaka, nikaona nisilinyime paji la uso, nalo ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo.

Haikupita muda uso ukawaka. Ukawa mwekundu, ukabanduka, nikawa siwezi kukaribia jiko. Baadaye ukatulia kidogo ukawa mweupe kwa mbele, mweusi kwa pembeni. Jumuiya walikuja kusali kwetu, na Eustakia hakungoja hata amina ikauke. "Dada Francisca, naona uso umeondoka na basi la asubuhi, masikio yamebaki kituoni!" Walicheka mpaka mtoto wa jirani akaamka. Nami nilicheka, ingawa kucheka kulikuwa kunauma mashavu.

Niliporudi kwa daktari akanikazia macho. "Mama, ulipaka kiasi gani?" Nikajibu, harage. "Harage gani?" Nikafungua pindo la kanga nikaliweka mezani, maana nilikwenda na ushahidi. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha, akanishika mkono, akaniambia ningeweza kujiharibu ngozi moja kwa moja, na kwamba kosa ni lake, angeuliza. Akanisimamishia dawa mpaka uso upone. Tukaanza upya na punje ya mtama.

Hiyo ndiyo dawa unayoiona kwenye picha. Lakini picha haikukuonyesha kilichofuata. Baada ya kipaimara daktari akaniachisha kama alivyosema, na kiangazi hiki, kwa jua letu lisilo na mti, mabaka yameanza kurudi. Si kama zamani, lakini yapo. Ukiniona leo utadhani yule wa kwenye picha ni dada yako mwingine, mwenye maisha mazuri.

Sasa wewe. Barua yako ilipofika nilifunga safari kwenda kwa daktari kwa ajili yako. Kabla sijamaliza maneno akatikisa kichwa. Alisema dawa hii ngozi inainywa sana, sehemu yake inaingia kwenye damu, na hakuna mwenye hakika inamfanya nini mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mjamzito hampi. Ndiyo maana mimi mwenyewe aliniuliza mara mbili. Akasema mabaka yako yameletwa na hiyo hiyo mimba, na kwa wengi hufifia wakishajifungua, polepole, kwa miezi. Wengine hubaki nayo. Nakuambia yote, nisije nikawa mganga wa sokoni.

Adelfina, umebeba mbili ambazo hazikufika. Ya kwanza nililia nawe, ya pili sikuweza hata kukuandikia, nilikaa na kalamu. Mimi siwezi kuweka mkono wangu kwenye hii ya tatu kwa ajili ya shavu. Nichukie kama utahitaji kuchukia, lakini nichukie ukiwa na mtoto mgongoni.

Umeandika pia, kwa maandishi madogo pale chini, kwamba nikikataa "utatafuta njia." Mstari huo ndio ulionikalisha chini. Tangu utotoni ukinyimwa nyumbani unakwenda kwa jirani. Kama umeshanunua chochote sokoni, kiwe kopo, kiwe tyubu, kitupe chooni leo, usimpe mtu. Vaa kofia, kaa kivulini, huko kwenu miti bado ipo. Na mama mkwe mchukue uende naye kliniki, nesi amweleze kwa mdomo wake kwamba hayo ni mabaka ya mimba. Mkikubaliana na Gaudence, mpime damu nyote wawili. Kukaa na mtu mezani huku unampigia hesabu kunachosha kuliko kulima.

Nami nakuja. Tukishamaliza maharage, Desderius atanifikisha Nyakanazi, na kutoka pale nitajua mwenyewe na mabasi yangu. Nataka niwepo kabla ya mwezi wako. Tutakaa wawili mbele ya nyumba, mama mkwe atutazame tulivyo, aamue mwenyewe kama ni ugonjwa au ni ukoo.

Maana ni ukoo, mdogo wangu. Hili sijawahi kukuambia kwa sababu sikudhani lina maana. Mama alituacha hujaanza kutembea, na picha yake hatuna. Kila ukiniuliza alikuwaje, nakujibu alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuimba. Lakini alipokuwa na mimba yako alitoka mabaka, haya haya, mashavu mawili na juu ya mdomo. Baba akawa anamtania kwamba chungu kimembusu. Hayakuwa yamefifia alipokuzaa, wala hakukaa sana baada ya hapo.

Kwa hiyo uso wa kwanza ulioutazama ulipofumbua macho ulikuwa kama huo unaokuchukiza kwenye kioo. Ulinyonya ukiutazama. Mwache na huyo anayekuja autazame hivyo hivyo, hatajua kama kuna mwingine.

Nisalimie sana shemeji Gaudence, na mama mkwe wako mwambie namheshimu na namletea maharage. Desderius anakusalimu, Frida anakusalimu na kukuamkia, Eustakia naye anasema hakujui lakini anakuombea. Mungu aliyekufikisha mwezi huu akufikishe na ile iliyobaki, akupe usingizi, akupe mtoto anayelia kwa nguvu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa uso wowote utakaokuja nao,

Francisca