Damu Imegoma, Nesi Anaikaripia

Mwenzangu, nimetoka wodini sasa hivi na hasira zangu. Usinipigie, nitatukana.

Unakijua kile kidude walichonipandikiza kifuani cha kupitishia dawa ya saratani? Leo kimegoma. Nesi anavuta damu kwanza kuhakikisha njia iko wazi, damu haiji.

"Inua mkono." Nikainua. "Geuza shingo. Kohoa." Nikakohoa kama mbuzi, wodi nzima inanitazama. Damu haiji. Eti, "Damu yako bishi kama wewe mwenyewe."

Kama mimi mwenyewe! Titi mmeshalikata, na kejeli juu?

Akasukuma maji ya chumvi. Nikamwambia, dada, panauma, panavimba. "Mwenzako hapo kitandani ana mirija miwili na hanung'uniki." Kisha akachukua ile dawa nyekundu, ile inayochoma nyama ikivuja! "Maji yameingia, na hii itaingia."

Nikaukunja ule mrija wa nje unaoingia kwenye kidude, nikaung'ang'ania kwa mikono miwili. Akaniita mwendawazimu. Nikamjibu niite utakavyo, haipiti.

Daktari akaja, akagusa uvimbe, akanipeleka kupigwa picha. Kumbe mrija wa ndani umechomoka kwenye kidude. Maji yote yalikuwa yanamwagika chini ya ngozi. Ingekuwa ile nyekundu je?

Unadhani nesi kasema pole? Kasema, "Ungetulia usingechomoka." Ungetulia!

Na mama yangu mzazi aliyenisindikiza, pale pale, ananinong'oneza: "Mwanangu, mwombe radhi, utarudi tu mikononi mwake."

Nikamwambia mama, radhi yenyewe imegoma kutoka. Labda niinue mkono nikohoe.