Mume Wangu Aliniaga, Nikamwambia Arudie kwa Hisia

Mpendwa Shangazi,

Nakuomba unisaidie, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize ndipo uendelee kusoma, maana mimi mwenyewe nikijisimulia jambo hili huwa nacheka hadi pale ninapokumbuka kwamba mwenye msiba ni mimi.

Mimi ni mwigizaji. Huenda unanijua: ile tamthilia ya mtaa wa nyumba zenye mageti, ambamo wanawake wawili wanaotazamana ng'ambo ya barabara wanagombania kila kitu kuanzia ua wa maua hadi waume, mimi ndiye yule mbaya, yule anayechungulia nyuma ya pazia, Mama Geti, na sokoni kuna muuza nyanya aliyekataa kuniuzia mpaka nimwombe radhi jirani yangu, nikaomba radhi pale pale mbele ya wateja, kwa jirani ambaye hayupo, maana nyanya nilizihitaji.

Huyo jirani kwenye tamthilia anaitwa Madamu, na hata kamera zikizimwa hatupikiki chungu kimoja, kwa sababu chumba cha kujipodoa kina vioo viwili na kimoja tu ndicho chenye taa inayowaka na yeye amekikalia kama urithi wa baba yake, na pia kwa sababu waandishi wanampa yeye maneno ya kuliza watu na mimi wananipa milango ya kubamiza. Kwa hiyo msimu huu waliponiandikia tukio la kulia, kwamba mume wangu wa kwenye tamthilia anafunga virago na kuniacha, niliapa kwamba nitalia mpaka Madamu aniachie kioo kwa hiari yake.

Sasa nyumbani nina mume wa kweli, fundi wa friji, mtu mpole asiye na maneno mengi, na tangu tuoane ndiye anayenisaidia kukariri, mimi nasema ya kwangu na yeye anasoma ya mwanamume, jikoni, mimi napika na yeye ameketi kwenye kigoda chake. Anasoma kama anayesoma maelekezo ya dawa ya kikohozi, lakini hajawahi kukataa hata siku moja, hata akirudi mikono imechubuka kwa mabati, nami namsahihisha: panda sauti, hapo una hasira, usimeze maneno.

Jioni ile nilikuwa nakata vitunguu, nimempa mgongo, kichwani namwaza Madamu na taa yake, nikamsikia anasema, "Mama watoto, nimepata kazi mji mwingine. Nimefikiria sana. Humu ndani nimekuwa kama mpangaji. Naingia, nakula, nasoma maneno ya mwanamume mwingine, nalala. Hakuna anayeniona. Nadhani nitaenda."

Shangazi, niliduwaa kwa furaha. Niligeuka na kisu mkononi nikamwambia, "Baba watoto! Leo umeweza! Ila umekimbilia. Ukishasema 'mpangaji' vuta pumzi kidogo. Na usinitazame mimi, tazama dirishani, ndiko kamera itakakokuwa. Haya, rudia kwa hisia."

Akarudia. Mungu wangu, alirudia, polepole, akitazama dirishani kama nilivyomwelekeza, na aliposema "mpangaji" alivuta pumzi, nami nikapiga makofi. Akainuka, akaenda kulala bila kula. Nikajua amechoka.

Utaniuliza, wewe mtu mzima hukujua maneno hayo hayamo katika kurasa zako? Waandishi wetu wanabadilisha kurasa kila kukicha, nikajua zimeletwa mpya na yeye ndiye kazipokea mlangoni. Lakini sina pa kujificha, maana miwani yake ilikuwa juu ya friji muda wote, mbele ya macho yangu, na yule bwana bila miwani hasomi hata maandishi ya kwenye gunia la unga.

Kesho yake, mdomo wangu ukaniwasha, nikamtambia Madamu kule chumba cha kujipodoa kwamba waandishi wamenipa tukio zito ambalo yeye hatalipata mpaka azeeke, nikamsomea maneno yote kwa sauti ya mume wangu. Akaacha kujipaka wanja.

"Hebu rudia," akasema. Nikarudia. "Hayo hayamo. Nimesoma kurasa zote, hata zako."

"Zangu unazisoma za nini?"

"Kuangalia kama wanakupendelea." Halafu akanishika mkono, yeye, ambaye hajawahi kunishika isipokuwa kunisukuma, akaniambia, "Mwenzangu, mumeo amekuaga."

Nilikimbia nyumbani na vipodozi usoni. Nikakuta amesafisha boksi lake la vifaa na kukunja mashati yake. Nikamwambia nimekosa, nilidhani tunafanya mazoezi, usiende, nakupenda. Akanisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza, "Hiyo iko sehemu ya ngapi?" Nikalia. Akanipa kitambaa cha vyombo nijifute, akasema, "Umelia vizuri kuliko wiki iliyopita." Tena hakuwa ananikejeli, Shangazi, ndicho kinachoniua. Alikuwa ananisifu kama anavyonisifu siku zote.

Tangu hapo kila nikifungua mdomo anadhani naigiza, na anaondoka Jumamosi. Mimi simtaki mwanamume mwingine, namtaka huyu anayesoma kama chupa ya dawa, na nikimkosa sijui hiyo nyumba nitaingia na miguu gani. Nimejiandaa kuomba msamaha kwa namna tatu, nimezifanyia mazoezi zote mbele ya kioo: ya kwanza napiga magoti mlangoni, ya pili nalia kimya huku nimelishika shati lake, ya tatu nasimama karibu na dirisha na kusema kwa sauti ya chini. Madamu anasema ya pili, lakini Madamu simwamini. Naomba unichagulie.

Ni mimi, Mama Geti (jina langu halisi nalificha, hili la geti limeshaharibika)

*

Shangazi anajibu:

Mama Geti,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu. Nimemaliza. Sasa keti chini, na uketi kwenye kiti cha kawaida, si karibu na dirisha.

Nianze kwa kukuungamia kwamba mimi ni wa upande wa Madamu. Juzi ulipofyeka maua yake nilikutukana hapa sebuleni mpaka mjukuu wangu akaniambia nipunguze sauti. Kwa hiyo usidhani nakutetea nikisema kwamba barua yako imeniuma. Pole, mwanangu. Kumpigia makofi mume anayekuaga si jambo dogo, na najua unalisimulia kwa kicheko kwa sababu ukiliacha likae bila kicheko litakuangusha.

Lakini nitakugombeza pia. Mwanamume aliyetaka kukuacha tu asingerudia. Angefungua mlango akaenda zake. Huyu alirudia, kwa kuvuta pumzi na kwa dirisha, kwa sababu alidhani labda mara ya pili utasikia. Hebu likae hilo kichwani mwako kabla hujapiga goti popote.

Unataka nikuchagulie kati ya namna tatu za kuomba msamaha. Sichagui hata moja. Zote tatu zina mahali pa kusimama na hakuna hata moja yenye swali. Mumeo hajakulalamikia kwamba hulii vya kutosha, machozi yako amekula nayo chakula cha jioni miaka yote ya ndoa yenu. Amesema hakuna anayemwona. Nawe unataka kumjibu kwa kumwonyesha wewe tena.

Nimeisoma barua yako nikaisoma tena. Najua taa ya Madamu inawaka. Najua muuza nyanya ana hasira na waandishi wenu hawatulii. Lakini kazi aliyopata mumeo ni kazi gani? Huko atalala kwa nani? Habari hiyo aliipata lini, na aliibeba peke yake muda gani kabla ya kuuambia mgongo wako? Hata mji wenyewe hujaniandikia, na sidhani umeuficha. Hujui. Mtu amekunja mashati yake nyumbani kwako na wewe hujui anayapeleka wapi.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Ijumaa kwa sababu Ijumaa itakufaa kwa machozi. Nawa uso, utoe hivyo vipodozi vyote. Usipike, mikono ikiwa na kazi masikio yako yanakwenda likizo. Usiseme "nisamehe" kwanza, neno hilo kwako limeshachakaa kwa kazi. Mwombe akuambie habari za hiyo kazi, tangu mwanzo. Atakuuliza hiyo iko sehemu ya ngapi. Usijitetee wala usilie. Mwambie huna maneno ya kujibu na hukuandaa, halafu umuulize tena.

Na kukariri, kuanzia wiki hii, mwombe Madamu. Anazisoma kurasa zako hata hivyo, na nyinyi wawili mna uhusiano mzuri kuliko mnavyotaka kukubali.

Sikuahidi kwamba hataenda. Kazi ni kazi, na huenda ameshatoa neno lake kwa watu. Inawezekana Jumamosi utamsindikiza stendi na kurudi bila yeye kwenye hiyo nyumba. Lakini mtu anayeondoka akijua kwamba ameulizwa na amesikilizwa, huyo ana mahali pa kurudi, na ana mtu wa kumpigia simu akifika.

Akianza kuongea ataongea vibaya. Atakimbilia, atameza maneno, atanyamaza katikati na utatamani kumsaidia. Mwache. Akimaliza, na wewe ukajikuta huna la kusema, usilitafute. Sogeza kiti chako ukae karibu naye.

Shangazi